Chumvi ya Valdorn

Kosa ni langu, na nalisema kabla hamjalisikia kwengine: mimi ndiye niliyeutangazia mtaa mzima kuwa Dawoodbhai kaingia wazimu, anaongea na chumvi. Hakuwa na wazimu. Alikuwa na mjukuu.

Mjukuu mwenyewe ni Aqsa, mtoto wa miaka tisa, anayeishi na mamake Hussaina huko Uswisi, katika kijiji kiitwacho Valdorn, chenye ng'ombe wengi kuliko watu na magofu mawili ya ngome. Dawoodbhai, tangu kufiwa na mkewe, alibaki peke yake juu ya duka lake la makufuli, Mji wa Kale. Kila Jumapili mchana alitandika sinia kubwa, lile la watu wanane, akaegemeza simu kwenye bakuli la mchuzi. Kwao Mabohora chakula huanza kwa kuonja chumvi, wote pamoja. Basi Aqsa huonja huko, babu yake huonja huku, ndipo mkono uende kwenye wali.

Jumapili moja Aqsa akaja na ngome ya makaratasi aliyoijengea shule.

"Nana, tazama!" Ndivyo anavyomwita babu yake. "Ni ya kwetu, ile ya juu."

Mzee hajapitwa na mzaha tangu azaliwe. "Ngome hii? Mamangu, ukiiweka kando ya Fort Jesus watu watadhani ni banda la kuku!"

Akacheka mpaka akapaliwa. Alipotazama tena, simu ilikuwa imekatwa.

Baadaye Hussaina akamwandikia: "Baba, amekaa na mkasi mwezi mzima. Hataki kuongea. Mwache kwanza."

Angeomba radhi hapo hapo, lakini radhi tupu aliiona kama kwenda harusini mikono mitupu. Akaazimia kuijua ngome yenyewe. Alisoma kwenye simu mpaka macho yakamwasha, Kijerumani kimegeuzwa Kiswahili cha ovyo, na alichokipata akakijaribia barazani kwa Zaid, muuza kahawa.

"Miaka mia saba na ushei nyuma," alianza, "ndugu wawili, tumbo moja. Mkubwa kajenga juu ya jabali. Mdogo kajenga chini, kando ya njia ya nyumbu wa kubebea chumvi. Kila nyumbu apitaye, yeye atoza ushuru."

"Huyo namjua," alisema Ngumbao wa tuktuk. "Ana wajukuu kule stendi."

"Hebu ngoja, bwana. Mkubwa akasema njia ni ya baba yao wote. Wakanuniana. Madirisha yatazamana, salamu hakuna."

"Kwa sababu ya chumvi?" Zaid aliuliza. "Si wangekula chapati kavu tu?"

Baraza zima likacheka. Dawoodbhai hakucheka, na hapo ndipo ningepaswa kushtuka, maana nami nilikuwapo.

"Ikawaje mwisho?" aliuliza Zaid.

"Mdogo akafa hawajapatana. Mkubwa akabaki huko juu. Watoto wakateremka mjini mmoja mmoja. Akauza farasi, akauza shamba, akaishia chumba kimoja chenye moshi."

"Na ngome ni nani aliyeibomoa?"

"Hakuna. Iliachwa tu."

Zaid akammiminia kikombe kingine bila kuombwa.

Jumapili iliyofuata Dawoodbhai alipika mwenyewe. Akatandika sinia, akaegemeza simu, akapiga. Iliita mpaka ikachoka. Akapiga kwa Hussaina, nako ni hivyo hivyo. Mimi nilikuwa nimepanda ngazi kumrudishia tupa yake, mlango uko wazi, nikamwona ameinamia simu akirekodi sauti.

"Aqsa, mamangu. Ngome yako si banda la kuku. Bonde lote lilikuwa likiitazama hiyo. Nana ndiye aliyekuwa hajui, akacheka. Sasa najua, hata mbao za paa zilitoka msitu gani najua. Nipigie nikuhadithie, mwalimu wako asikupite."

Akautuma ujumbe. Alama zikageuka buluu. Mtu kule ameusikia. Mzee akajivuta karibu na sinia, akapangusa kioo kwa kikoi chake, akachota chumvi kidogo kwa ncha ya kidole na kukiinua mbele ya simu. Alikaa hivyo mpaka mvuke wa wali ukaisha. Kioo kikazimika. Akakigusa, kikawaka, kikazimika tena.

"Onja, mamangu," alisema, macho kwenye ile chumvi. "Onja wewe kwanza, Nana atafuata."