Pikipiki Iliyokataliwa na Mafundi

Kila asubuhi baba alipiga kiki mara tatu. Ya kwanza ya kuiamsha pikipiki, ya pili ya kuibembeleza, ya tatu ikaitika. Kisha aliinama, akasogeza sikio karibu na injini, na mimi nikapanda nyuma anipeleke maabara ya hospitali ninakofanya kazi. Jumatatu ile ilipoitika tu, iligonga kama sufuria iliyotiwa mawe, ikazimika getini.

Ni pikipiki kuukuu. Baba aliitumia kusambaza barua alipokuwa tarishi, na jioni alimpakia mama mahali ninapokaa mimi sasa. Mama alifariki mwaka jana, wiki ya mitihani yangu ya mwisho. Alinipigia simu Jumapili, akiniita nyumbani. Nikamwambia mitihani ikiisha nakuja. Hakuningoja.

Tangu nirudi nyumbani, baba hanisemeshi ila kwa lazima. Mara mbili nimemwomba msamaha akiwa amenipa mgongo, anafuta cheni. Mara zote mbili aliendelea kufuta. Ya tatu sikuthubutu. Mimi sauti yangu ni ndogo; chuoni wasichana wenzangu waliniita Mnong'ono.

Tukaisukuma kwa mafundi. Wa kwanza aliiwasha kwa taabu, akaisikiliza nusu dakika, akasema hiyo ni ya makumbusho, spea zake zilizikwa pamoja na waliozitengeneza. Wa pili alitaka kujua kati ya baba na pikipiki nani mkubwa. Baba akatabasamu, nikamshangaa. Wa tatu, mama mmoja aliyejaa grisi hadi viwikoni, hakufanya mzaha. Alisema kwa mlio ule injini imekwisha, na kuifungua ni kujitwika msiba usio wako.

"Mdogo wangu," aliniambia, "mwambie mzee aiuze kwa kilo."

Sikumwambia. Baba alinitazama usoni, akashika usukani, nami nikasukuma kwa nyuma mpaka nyumbani.

Jumamosi nikaifungua mwenyewe. Nilikuwa na kijitabu cha zamani cha maelekezo ya pikipiki hiyo, kurasa zimeshikana kwa oili. Baba alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akinipa spana kabla sijaomba. Akanieleza kwamba valvu alizilegeza yeye wiki iliyopita, na wiki ile ya kabla yake pia, maana zilibana mno, zilikuwa kimya kabisa, na valvu yenye nafasi yake husikika ikigonga kidogo. Ndivyo alivyozirekebisha miaka yote. Fundi wa kweli, husema, hapimi valvu, huzisikiliza.

Mimi ni mtu wa maabara, nisichokipima sikiamini. Nikachomeka kibati cha kupimia nafasi ya valvu. Kijitabu kilitaka nafasi nyembamba kama karatasi. Pale pangeingia karibu sarafu nzima. Nati moja ilikuwa imeachia kabisa. Injini haikuwa na ugonjwa mwingine wowote. Nilidhani uzee umemvurugia hesabu, nikanyamaza nisimwaibishe.

Nikazibana kwa kipimo, nikafunika, nikafunga. Baba akaenda bombani kunawa. Nikapiga kiki, nikapiga tena, jasho likaniingia machoni, na mara injini ikawaka. Ilinguruma taratibu, laini, kama haijawahi kuonja ubaya. Nilitaka kulia kwa furaha.

Baba akarudi akijifuta mikono kwenye suruali. Akanitazama kwa huruma, kama anayemtazama mtu aliyeshindwa. Kisha akapandisha mguu kwenye kiki, apige.

Nikaudaka mguu wake kwa mikono yote miwili. Nikamwambia imewaka. Alikuwa anatazama kiki, hakuinua macho. Nikauchukua mkono wake nikaulaza juu ya tangi, mtetemo ukampanda hadi begani.

"Sisikii, mama yangu," alisema. "Tangu msiba, kila mwezi masikio yanapungua kidogo kidogo. Niliogopa mtanizuia kuiendesha."

Basi ndiyo maana alizilegeza: alikuwa anautafuta mlio wao asiousikia tena. Na mimi wakati wote ule nilikuwa naongea na mgongo.

Nikazima injini. Nikapiga magoti mbele ya ile ndoo alipokuwa amekaa tena, anione mdomo, na nikatoa sauti ambayo sikujua ninayo. Jirani akachungulia juu ya ukuta.

"Baba, nisamehe. Mama aliniita, nikachagua mitihani."