Mshumaa wa Ngazini

Ilanit Biton alikuwa akikaanga sfenji, yale maandazi ya Kimoroko yenye tundu katikati, mama yake alipobisha hodi. Mafuta yalikuwa yanachemka, kwa hiyo alipaza sauti kwamba mlango uko wazi. Freha aliingia, akapangusa viatu ambavyo havikuwa na tope ingawa Haifa yote ilikuwa inanyeshewa tangu asubuhi, akakaa kwenye kiti cha karibu na dirisha. Alikuwa amekufa miaka sita iliyopita, kwa maradhi ya figo.

"Moto umezidi," alisema. "Nje yataungua, ndani yatabaki mabichi."

"Ndiyo, mama," Ilanit alijibu, akapunguza moto.

Nyuma ya Freha aliingia mjomba Prosper, aliyetangulia kufa, na nyuma yake wengine wa ukoo, wakiwa na makoti ya mtindo wa zamani. Noam, mume wa Ilanit, alikwisha kuleta viti vya kukunja kutoka ukumbi wa kusanyiko lao. Alivipanga, akawakaribisha, akafungua dirisha kidogo, kwa sababu marehemu wakiwa wengi chumba hunuka kama kabati lililofungwa muda mrefu.

Sababu ya wao kuja hapa haikuwa siri kwa mtu yeyote katika jengo letu. Zamani kidogo, mama yake akiwa bado hai, Ilanit alimwambia baba yake kwamba anamwamini Yeshua wa Nazareti kuwa ndiye Masihi, na kwamba kwa kumwamini hakuacha Uyahudi wala hana nia ya kuuacha. Mzee Makhluf hakumpigia kelele. Alirarua kola ya shati lake, akafunika vioo, akakaa matanga ya binti yake siku saba. Watu walikwenda kumpa pole. Ilanit mwenyewe aliwaona wakipanda na mayai ya kuchemsha, chakula cha matanga, maana nyumba ya baba yake iko ng'ambo ya ua, dirisha kwa dirisha. Ilikuwa wiki ya Hanuka, Sikukuu ya Taa, na tangu mwaka ule, jioni zote za sikukuu, mzee huwasha mshumaa wa marehemu ndani ya glasi kwa jina la Ilanit. Marehemu huenda kwa yule ambaye jina lake limewashiwa mshumaa. Basi wa ukoo wa Biton huja kumtembelea mwenzao.

Bi Rivka wa ghorofa ya pili alilalamika kwenye kamati ya jengo kwamba wageni wale wanaziba ngazi na baridi yao inapenya chini ya mlango wake. Kamati ilimwomba Ilanit awaambie washike upande wa ukutani. Aliwaambia, nao wakashika.

Jua lilipozama, Noam aliwasha ule mshumaa mtumishi, wa tisa, unaosimama peke yake kwenye kinara, na kwa huo akawasha ya jioni ile. Akasoma baraka. Walio hai waliitikia Amina, kisha marehemu wakaitikia, wakiwa wamechelewa kidogo, kama sauti inayotoka kisimani.

"Hebu niambie, binti," alisema mjomba Prosper, ambaye hata alipokuwa hai hakuweza kula kabla ya kugombana. "Sikukuu hii wewe inakuhusu nini? Mashujaa wetu Wamakabayo walimwaga damu ili tusiwe kama mataifa, na wewe umekwenda kumkumbatia mtu wao."

"Mtu wao! Mjomba, amezaliwa Bethlehemu, hakuzaliwa Roma. Na sikukuu hii alikuwa Yerusalemu mwenyewe, wakati wa baridi, anatembea Hekaluni katika ukumbi wa Sulemani. Wamakabayo wangeshindwa, angebaki Myahudi gani wa kumzaa?"

"Mnamsikia?" Prosper aliwaambia wenzake. "Ulimi wa mama yake. Hata kufa hakujaupunguza makali."

"Sijafa, mjomba."

Prosper alitazama dari. Wengine walitazama viatu vyao. Kwao lilikuwa jambo la aibu ndogo, la kumsitiri mtu, kama mama mkubwa anapodanganya umri wake harusini.

Freha aliunyoshea kidole mshumaa mtumishi. "Na huyu wa pembeni, mbona mnamtazama kuliko wengine?"

"Huyu ni mtumishi, mama. Hahesabiwi pamoja na wale wanane, lakini wote wamepata moto kwake. Sisi tukimwona tunamkumbuka Yeshua. Tena unajua sheria: wale wanane ni wa kutazamwa tu, hata sindano iliyoanguka huruhusiwi kuitafuta kwa mwanga wao. Mwanga wa mtumishi ndio unaotumika. Mtu yeyote anaweza kuutumia."

"Hata asiyemtaka?"

"Hata asiyemtaka."

Freha alitikisa kichwa taratibu, akasogea dirishani. Ng'ambo, Mzee Makhluf alikuwa amekaa mbele ya glasi yake, mabega yamemshuka. Alikuwa na moyo mbovu, na daktari alikwisha kumwambia asipande ngazi bila sababu. Asubuhi, kwenye duka la mikate, alisimama karibu sana na Ilanit kwenye foleni, kama mtu anayesimama pasipo na mtu. Muuza mikate alikwisha kuzoea kuwahudumia mmoja mmoja, bila kuwatazama usoni. Mimi naona afadhali angemtukana. Inauma sana kuliliwa na mtu ambaye umemwona akichagua mkate.

"Mama, pita kwake," Ilanit alisema, kama alivyosema kila mwaka. "Mwambie aniite jina langu mara moja tu. Kabla hajafa."

"Napita, mwanangu. Hatuoni. Anaona ule mshumaa tu, anaukalia karibu, anakulilia. Hujui anavyokulilia."

"Si angevuka ua?"

"Angevuka," Freha alikubali. "Ndivyo nilivyomwambia nilipokuwa hai."

Jioni ya nane marehemu waliwahi. Prosper hakuuliza chochote. Freha alikuwa ameweka mkoba wake kwenye kiti cha jirani ili mtu asikikalie. Noam alipouliza ni cha nani, alisema ni cha mtu. Taa zote ziliwashwa, kinara kikajaa, na chumba kikawa baridi kuliko jioni zilizopita.

Ng'ambo ya ua glasi ilikuwa inawaka, lakini mbele yake hapakuwa na mabega. Kisha taa za umeme zikawashwa vyumba vyote. Ilanit alimwona Avner, kaka yake, akipita na shuka, akifunika kioo cha sebuleni. Alitazama simu yake mezani. Haikulia. Marehemu hapigiwi simu kuambiwa kuna msiba.

Mlango ulibishwa. Mzee Makhluf aliingia na koti kavu na kofia yake ya sufu. Alikuwa amevaa lile shati, kola ikining'inia ilikoraruliwa. Alimwamkia mkewe, akatazama chumba, akamwona binti yake.

"Ilanit," alisema.

Alikuja akamshika uso kwa mikono miwili. Mikono ilikuwa na baridi ya vigae vya bafuni. "Mwanangu, nimekulilia mpaka macho yakawa hayaoni. Kumbe upo hapa? Wanakutunza? Unakula?"

Alilolitamani muda wote lilikuwa limemshika mashavu, na halikumtaka kitu ila anyamaze. Freha alimtazama kwa jicho la kumsihi. "Mwache hivyo hivyo," alinong'ona. "Mara hii moja tu, mwanangu."

Ilanit alinyamaza. Alimmiminia baba yake chai ya nanaa, akamtilia sukari nyingi kama alivyopenda. Mzee aliinusa, akasema hajapata chai ya namna ile tangu binti yake alipofariki. Alimketisha karibu, akamshika nywele, akacheka kidogo na Prosper. Noam, aliyesimama jikoni, anasema hakuwahi kumwona mkewe mzuri kama alivyokuwa dakika zile, na kwamba aliogopa.

"Uliumia sana?" Mzee aliuliza. "Siku ile ya kufa kwako."

Ilanit aliweka kikombe mezani. Alikuwa analia, na hakuyafuta machozi.

"Baba, sijafa. Sikufa hata siku moja. Nilikuwa hapa dirishani. Shika mkono wangu."

Mzee aliushika. Ulikuwa na joto. Akauachia upesi, kama mtu aliyegusa sufuria bila kitambaa.

"Freha," alisema kwa adabu, "tumekosea nyumba. Binti yangu ni marehemu. Huyu simjui."

Aliinuka, akachukua kofia, akatoka. Lakini glasi ng'ambo ilikuwa bado inawaka kwa jina lile, na marehemu hawezi kuondoka mshumaa uliomwita ukiwa haujazimika. Basi alikaa kwenye ngazi, nje ya mlango, akatoa kitabu chake cha zaburi mfukoni. Taa ya ngazi za jengo letu hujizima baada ya muda mfupi, na kitufe chake hakisikii vidole vya marehemu. Ilipozimika, alibaki gizani na kitabu wazi magotini.

Ilanit alirudi kwenye kinara. Hakuigusa ile minane. Alimchomoa mtumishi, akamsimamisha kwenye kisosi, akakiweka juu ya ngazi kando ya baba yake. Mzee hakugeuka. Baada ya muda alikisogeza kitabu kwenye mwanga, akaanza kusoma.

Siku hizi, kila Hanuka, Avner huwasha glasi mbili, moja ya baba na moja ya dada yake, na hachelewi hata jioni moja. Marehemu huja kama kawaida, wakishika upande wa ukutani. Mzee Makhluf huja nao mpaka mlangoni, halafu hukaa pale pale na shati lake lililoraruka. Bi Rivka akipanda na mifuko yake humtakia jioni njema, naye huitikia vizuri, husogeza hata miguu ampishe.

Ilanit hutoka na kisosi, huinama, huweka mshumaa karibu na goti lake.

"Jioni njema, baba," husema.

Mzee hulowesha kidole kwa ulimi, hufungua ukurasa, huendelea kusoma kwa mwanga ule.