Vifaranga wa Maji Tulivu

Ndoa yenyewe ilifungwa kwenye bakuli la plastiki. Bibi harusi alikuwa jike pekee aliyepatikana kijitoni baada ya kiwanda cha ngozi cha huko juu kumwaga uchafu wake. Alikamuliwa tumbo taratibu, mayai yakachuruzika. Dume naye akakamuliwa juu ya mayai hayo, vyote vikakorogwa kwa unyoya, basi, wakawa mke na mume. Jike hakuimaliza siku, dume akamfuata. Ukoo mzima wa samaki wale ukabaki kwenye trei moja ya mayai, na aliyekabidhiwa trei ni mwanamke ambaye kituo kizima cha kuzalishia samaki kilimwita Mama Vifaranga.

"Shemeji, kaka yangu hajawahi kutazamwa hivyo tangu akuoe," alimchokoza mdogo wa mumewe, fundi wa mabomba wa kituo.

"Kaka yako angeng'aa hivi ningemtazama. Ondoa kivuli chako."

Kila asubuhi aliinama na kibano akitoa mayai yaliyogeuka meupe, maana yai lililokufa huota ukungu kama pamba, na ukungu hauna adabu, unahamia kwa jirani bila hodi. Yaliyosalia yakapata madoa mawili meusi: macho. Halafu, ukisogeza taa, unaona ndani kitu chekundu kama ncha ya sindano kinadunda. Mama Vifaranga alitokwa machozi, akasingizia dawa ya kuoshea trei.

Walipototolewa hawakuwa samaki wa kuringia. Vijiuzi tu vyenye macho, kila mmoja na kifuko cha kiini tumboni, kama msafiri aliyefungashiwa chakula kikubwa kuliko yeye mwenyewe. Walilala ubavu kwenye changarawe, hawali, hawaogelei. Vifuko viliposinyaa, wakapanda mmoja mmoja kumeza hewa, na waliokwisha kuimeza wakaelea.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Maji yaliingia kwenye trei kwa nguvu, kama ya kijitoni kwao, yakawasukuma hadi kwenye wavu wa kutokea maji. Mama Vifaranga alifika kazini akawakuta wamebandikwa pale, mikia imechanika, wengine bado wanahema.

"Punguza maji," alimwambia shemeji yake.

"Hawa si watu wa kijito?"

"Ni watoto."

"Haya, mama yao kasema."

Koki ikafungwa, yakabaki maji ya kuchuruzika. Siku hiyo hakufa hata mmoja. Kesho yake pia. Sasa nani angeifungua tena? Ungeanzia wapi kugusa koki iliyokomesha msiba?

Mapezi yakachomoza, magamba yakashika, mistari ikajichora ubavuni. Walilishwa kiini cha yai la kuku kilichochujwa kwa kitambaa, wakanenepa kama watoto wa bosi. Wakiona kivuli cha Mama Vifaranga walijazana kona ileile, midomo wazi. Yeye akawahamishia tangi kubwa, nalo la maji tulivu, akatembea kifua mbele.

Kijito kiliposafika na wadudu kurudi chini ya mawe, Mama Vifaranga na shemeji yake wakawabeba samaki kwa ndoo. Shemeji akaichovya ndoo kijitoni mpaka maji ya ndani na ya nje yakawa na ubaridi mmoja, kisha akaiinamisha polepole.

Samaki wa kijito akiguswa na mkondo hugeuza kichwa kule maji yatokako, akajibana nyuma ya jiwe. Hawa hawakugeuka. Walielea juu, midomo wazi, wakimngoja mtu, na mkondo ukawachukua kinyumenyume.

"Wanacheza?" Mama Vifaranga aliuliza.

Shemeji alikuwa ameshaanza kukimbia.

Waliwakuta kwenye vyuma vya kuzuia takataka, pale maji yanapoingia chini ya barabara. Wamebanwa katikati ya mifuko na majani, tabaka juu ya tabaka. Mama Vifaranga aliingia na viatu vyake, akaanza kuwabandua kwa vidole. Wengi hawakutikisika.

"Wazima wapo hapa, shemeji. Wachache," fundi alisema, mikono miwili imeshika ndoo. "Tuwarudishe tangini wapumzike."

"Hapana. Wapeleke mfereji wa pampu kule kituoni, wajifunze mkondo."

"Ule? Yale maji yatawamaliza!"

"Nimeshawamaliza mimi, kwa huruma. Twende."

Mferejini maji yalikuwa yanapiga kelele. Walipomwagwa, baadhi walisombwa papo hapo. Mmoja akageuza kichwa, akapiga mkia, akapiga tena, akasimama pale pale palipo pagumu. Kisha akachoka, akaanza kurudi nyuma.

Mkono wa Mama Vifaranga ulikuwa umeshagusa maji. Akauondoa, akaubana kwapani, akaendelea kutazama.