Bi Sharifa Hazikwi Bure

Kama uliwahi kwenda haja Mtwara wakati bandari inajengwa, basi mimi na wewe tunajuana. Shimo lile nilichimba mimi. Jina langu Athumani, na wengi waliniita Athumani Mashimo, wala sikuona haya. Kuna watu wanajulikana kwa mambo mabaya zaidi.

Miaka ile Wazungu walikuwa wameingiwa na karanga kichwani. Karanga zilimwe bara, reli izilete pwani, meli izipakie Mtwara. Karanga zenyewe hatukuziona, lakini watu waliokuja kuzingoja tuliwaona vizuri: Wayao, Wamakua, Wangoni, na sisi Wamakonde tulioteremka kutoka uwandani kufuata mshahara. Kambi ya wafanyakazi ikapigwa nje ya Likombe. Watu wote hao walikula, na ukishakula unajua kinachofuata. Kampuni ya Wazungu hao ikataka vyoo.

Tenda ya vyoo akaipata kontrakta mmoja Myao, Bwana Abdallah. Huyu alikuwa hajashika jembe tangu atoke jandoni. Alichokuwa nacho ni kanzu iliyopigwa pasi, koti aliloliazima akasahau kulirudisha, na Kiingereza kidogo alichokisema kwa sauti kubwa. Akaja kwangu.

"Wewe chimba, mtani," akaniambia. "Mimi nitasimama kwa Mzungu. Akinilipa mimi, nakulipa wewe."

Nikakubali, mjinga mimi. Nikachukua vijana wa kwetu, tukachimba kuanzia kiangazi mpaka mvua. Udongo wa Likombe ni mnafiki. Juu mchanga mtupu, unajisifu unachimba haraka, kisha ukifika kiunoni unakuta jiwe la matumbawe na sururu inaruka kukurudia usoni. Vijana walikula unga na maharage kutoka duka la Mohsinali kule Mikindani, na mitaimbo pia nilichukua kwake, yote kwa mkopo. Rehani niliweka shamba la mikorosho aliyoipanda marehemu baba yangu. Kaburi lake limo humo humo shambani.

Mohsinali hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na adabu hata akikukaba koo. "Athumani, ndugu yangu," aliniambia huku akinimiminia chai, "najua utalipa. Lakini korosho zikianza kuanguka na hujalipa, nitaokota mimi. Shamba litakuwa langu, na roho itaniuma sana." Nilimwamini kwamba roho itamuuma. Nilimwamini pia kwamba shamba atalichukua.

Vyoo vikaisha, wafanyakazi wakavifungua kwa furaha kubwa, nami nikaenda kwa Abdallah kudai changu.

"Kampuni haijanilipa," akasema.

Mwezi uliofuata Kampuni ilikuwa bado haijamlipa, ila alikuwa na baiskeli mpya. Mwezi mwingine bado haijamlipa, na nyumba yake ikapata bati. Nikamuuliza bati limetoka wapi, akanipiga bega. "Mtani wangu bwana! Mla panya hana aibu, anahesabu mabati ya watu!" Waliokuwapo wakaangua kicheko, na mimi nikabaki nimesimama na dai langu mkononi.

Hapo ndipo aliponiweza. Sisi Wamakonde na Wayao ni watani. Mababu zetu walipigana, sisi tumebaki kutukanana. Mtani akikuambia unanuka, hukasiriki. Akija msibani kwako akanyakua kuku, unacheka. Kukasirikia utani ni aibu kuliko kuiba. Basi Abdallah akaichukua heshima hiyo ya wazee akaifanya mlango wa kutorokea. Kila nikimdai, alinitania, na nikinuna, mwenye kosa nikawa mimi.

Nikamshtaki kwa Jumbe Saidi, barazani. Sikufika mbali. Nilipotamka neno "vyoo" tu, Abdallah akadakia: "Jumbe, umemsikia mtani wangu? Ametoka Likombe mpaka hapa kuja kutuletea habari za mavi!" Jumbe alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Alipoipata akasema mambo ya watani yeye hayaingilii, twende tukamalizane wenyewe.

Mke wangu Somoe alikuwa ananingoja mlangoni. "Umekwenda kushtaki, umerudi umetukanwa," akasema. "Safari nyingine nieleze mimi nikutukane hapa hapa, tuokoe viatu."

Pale nyumbani kwa Abdallah mtu pekee aliyenipokea vizuri alikuwa mama yake, Bi Sharifa. Kizee hicho kilikuwa hakina jino hata moja na hakikuhitaji, maana ulimi ulitosha. Alikaa barazani kwenye mkeka, na akinisikia tu naingia uani anaanza.

"Mla panya! Leo umekuja kumdai mwanangu au kuniposa mimi?"

"Kukuposa, Bibi. Lakini mahari anayo mwanao."

Hapo hucheka mpaka akohoe, kisha huagiza niletewe uji. Nilimpenda yule bibi, nasema wazi. Mama yangu nilimpoteza nikiwa bado nanyonya, na hakuna mwanamke mwingine mtu mzima aliyewahi kunitukana kwa upendo namna ile.

Siku moja hakucheka. Aliniita karibu, akasema, "Mwanangu ana mkwiji wa fedha kiunoni, hauvui hata akioga. Mimi nilimzaa hana mkwiji. Sijui huo ulimwota lini."

"Anasema Kampuni haijamlipa, Bibi."

"Hata mimi nikimwomba ugoro ananiambia Kampuni haijamlipa. Sikiliza, ntani," akaniiga matamshi, maana ulimi wetu wa Kimakonde una 'n' nyingi na yeye alikuwa hakosi nafasi. "Nikifa utanichimbia wewe. Usinizike bure. Akikuambia Kampuni, niache hapo hapo juani."

"Nikuache juani, Bibi? Si utanuka?"

"Ninuke. Nani atajua, na Wamakonde wote mtakuwa pale?"

Wiki chache baadaye korosho ya kwanza ikaanguka. Somoe aliiokota, akaja akaiweka mbele yangu bila neno, na Somoe kukosa neno ni jambo la kutisha. Kesho yake asubuhi zikaja habari kwamba Bi Sharifa amefariki.

Nililia. Kisha nikachukua sururu nikaenda makaburini, maana kumchimbia ilikuwa haki yangu ya utani, na sikutaka mtu mwingine aiguse. Wallahi nilikwenda kwa nia ya kuchimba tu. Maneno yake niliyakumbuka, lakini mtu husema mengi akiwa hai, na mimi nisingeweza kumfanyia kituko siku ya mwisho. Kaburi likatoka refu kwenda chini kupita desturi, maana mkono wangu umezoea vyoo. Nilikuwa nachonga mwanandani ubavuni mwa kaburi alipofika Mohsinali, amevaa kofia yake nyeusi, akainama pale juu kunipa pole.

"Nimekuja mapema," akasema. "Nimetoka kumpelekea Abdallah sanda."

"Amenunua sanda nzuri?"

Mohsinali akatazama pembeni. "Amekopa. Anasema Kampuni haijamlipa."

Basi. Hasira ilinipanda kutoka kwenye nyayo. Bati amenunua, baiskeli amenunua, mama mzazi anakwenda ahera kwa nguo ya mkopo! Nikamwomba Mohsinali asogee, nikatupa sururu juu, nikajilaza chali chini ya kaburi la Bi Sharifa, nikafunga mikono kifuani.

Msafara ukaja na dhikiri. Wakaliweka jeneza, na hakuna aliyechungulia shimoni. Nikamsikia Abdallah akikohoa kusafisha koo. Sauti ile ile ya kuzungumzia na Wazungu.

"Ndugu Waislamu! Kama yupo mtu anayemdai marehemu mama yangu, hata senti moja, ajitokeze. Mimi mwanawe nipo. Deni lake ni langu!"

Halafu Mohsinali akakohoa naye.

"Samahani, Bwana Abdallah. Ni hiyo sanda aliyovaa."

"Aa, hilo, Mohsinali, tutazungumza. Unajua hali ilivyo, Kampuni..."

"Haijamlipa!" nikamalizia kutoka chini.

Waliosimama karibu na jeneza waliruka. Mmoja alisoma shahada kwa sauti, mwingine alikimbia na sikumwona tena mpaka Idi. Vichwa vikaanza kuchomoza ukingoni kimoja kimoja, na cha Abdallah kilikuwa kimebadilika rangi.

"Athumani!" akasema Mwalimu wa msikiti. "Toka humo. Maiti hangojeshwi."

"Nimefika kwanza," nikasema. "Mimi ni ntani wa marehemu. Alisema hazikwi bure."

Watu wakaelewa, wakaanza kucheka kwa kuziba midomo, maana desturi ya mtani kukaa kaburini mpaka apewe chochote kila mtu anaijua. Abdallah akapumua. Akacheka naye, kicheko cha mkubwa, akanitupia shilingi ikanipiga tumboni.

"Haya, mla panya, umekula. Toka tumzike mama."

"Hiyo ni ya Bi Sharifa, nimepokea," nikasema. Nikaitia mfukoni na kulala tena. "Bado ya vyoo."

"Vyoo gani!"

"Vya kambi. Vyote."

Hapo akasahau kanzu yake, akasahau watu. Alipiga mguu chini mchanga ukanimwagikia machoni. "Una wazimu? Lile ni deni! Deni si utani! Utani ni shilingi, deni ni mambo ya barazani!"

Nilifuta mchanga machoni, nikakiona kichwa cha Jumbe Saidi pale ukingoni, na kofia yake safari hii ilikuwa imekaa sawa.

"Abdallah," akasema Jumbe taratibu. "Hebu rudia."

Abdallah akainama kukung'uta kanzu yake.

"Barazani kwangu ulisema ni utani, nikacheka kama mpumbavu. Sasa unasema ni deni. Mimi sina shida na lolote kati ya hayo. Kama ni utani, basi hapa ni msibani, na mtani hatolewi kaburini mpaka aridhike mwenyewe. Kama ni deni, lipa. Chagua wewe, ila chagua upesi, jua linampiga mama yako."

"Lakini Kampuni..."

"Kampuni nimewauliza," akasema Mohsinali kwa upole wake wote. "Mimi ndiye ninayewauzia sukari ya ofisini. Wamekulipa tangu mvua za kwanza."

Hakuna aliyecheka tena. Abdallah alizunguka akitafuta mahali pa kujificha, na makaburini hapana ukuta. Mwisho akaipandisha kanzu yake mbele ya jumbe, mwalimu na kijiji kizima ili aufikie mkwiji. Ndani alivaa kaptura ya khaki yenye mhuri wa stoo ya Kampuni. Angalau kaptura walikuwa wamemlipa, na hata Mwalimu aliona.

Mkwiji ulikuwa mnene na wenye joto. Jumbe aliupokea, akahesabu mwenyewe. Za sanda akampa Mohsinali. Zangu akachuchumaa akanishushia shimoni, nami nikazipeleka juu tena kwa mkono ule ule.

"Mpe Mohsinali hizo," nikasema. "Za unga na mitaimbo. Zinazobaki ni za vijana wangu, na kidogo changu."

Mohsinali akapokea, akainama mpaka nikamwona uso. "Okota korosho zako, Athumani," akasema, na nadhani roho ilimuuma kidogo kwa upande mwingine.

Nikatoka kwa kushika mizizi. Abdallah akateremka yeye kumpokea mama yake, maana ni mwanawe wa pekee na haki hiyo ilikuwa yake. Tukashika shuka juu ya kaburi, mwili ukashushwa. Nilimsikia akisoma, sauti yake ndogo sasa, akimlaza Bi Sharifa kwenye mwanandani na kumgeuza kibla. Alikuwa hafanyi haraka. Alimpanga vizuri, nasema kweli, na mbao akaziweka mwenyewe moja moja.

Kisha akataka kupanda, akashindwa. Kina kile kilikuwa kipimo changu cha choo, na Abdallah ni mfupi. Akajaribu ukingo wa kwanza, mchanga ukaporomoka. Akajaribu wa pili. Mwishowe akasimama katikati ya kaburi la mama yake, kanzu imechafuka yote, akainua mkono juu. Mtu wa karibu nilikuwa mimi.

"Nivute, mtani," akasema.

Nikautazama ule mkono. Watu wote waliniangalia.

"Ngoja kidogo, ntani wangu," nikasema. "Kampuni haijanilipa."

Walicheka mpaka Mwalimu akageuka kutuficha mabega yake yaliyokuwa yakitikisika. Nikatazama chini nimwone Abdallah amenuna. Alikuwa anacheka. Alicheka mdomo wazi, kichwa nyuma, kicheko kile kile cha Bi Sharifa cha kukohoa, sikuwahi kujua kwamba anacho. Na katikati ya kicheko kikageuka kilio, akalia kama mtoto, mkono bado uko juu.

Nikapiga magoti, nikamshika kwa mikono miwili, nikamvuta. Akaniangukia shingoni na hakuniachia, nami sikumwachia. Mkwiji wake mtupu ulikuwa kati ya tumbo langu na lake, na sote wawili tulikuwa tunamlilia mama.