Mpunga ndani ya Disketi

Kompyuta yangu ilikuwa kongwe, na Windows iliishinda. Nilitumia Linux nyepesi, inayoingia yote katika disketi moja. Mtaa wetu mzima wa Kabondo hakuna mwingine aliyeweza kuipanga, na nilihakikisha kila mtu anajua hivyo. Kupanga disketi ni kama kupakia toleka, baiskeli ya kubeba abiria: ukiongeza mkungu wa ndizi, abiria anashuka.

Tonton Hubert, mjomba wangu mtafiti wa mpunga, alikuja kwa mtumbwi kutoka Yangambi, diski ngumu ameifunga ndani ya shati. Wanajeshi walikuwa wamepika mbegu zake zote wakazila. Vipimo vya mashamba yake, kazi ya maisha yake, vilibaki ndani ya diski hiyo tu, nayo ilikuwa imeanza kugonga.

“Iko nalia sawa kuku inataka kufa,” alisema.

Nilimpangia kwenye disketi programu ya kukagua diski, ya kuitengeneza na ya kunakili. Nafasi ikaisha. Ile ya kuchagua mafaili ilikuwa nzito mno. Nilimweleza kwamba bila hiyo tutanakili diski nzima kutoka kichwa hadi mkia, na vipimo vyake viko mkiani. Akacheka, akaniuliza kwa nini basi shairi langu la kumkaribisha mtumiaji limepata nafasi. Nikamjibu kwamba shairi lile halina uzito wa punje moja ya mpunga wake.

“Bon, toa ile ya kuchagua. Miye nilingojea mpunga miaka yote. Nitashindwa kungojea mashine?”

Umeme wa mji ulikuwa umekatika. Tulipewa na jirani, Mama Kavugho, mfanyabiashara wa kutoka Butembo anayeuza samaki wa barafu. Jenereta ya friza yake ilipowashwa, waya ulivuka ukuta mpaka kwetu.

Tulikuwa tumenakili nusu ya diski makombora yalipoanza. Majeshi mawili ya kigeni yaligombania mji wetu kana kwamba hauna wenyewe. Halafu jenereta ikanyamaza. Nikapanda ukutani. Mama Kavugho alikuwa ameizima, ameifunika kwa godoro na kulikalia. Nikamwomba dakika chache tu, mpunga wa tonton uko mwishoni.

“Eddy, sauti yake ndiyo itawaonyesha wanajeshi mlango. Niko na watoto humu. Shuka kwa ukuta.”

Nilishuka.

Mapigano yalipotulia, Mama Kavugho aliwasha jenereta mwenyewe bila kuombwa. Disketi ilifunguka vizuri. Shairi langu likatukaribisha, na kila programu ilikuwa mahali pake. Diski ya tonton haikuzunguka. Haikugonga hata mara moja. Niligeuza waya, nikazima, nikawasha. Programu zangu zote zilijibu kwamba hazioni diski. Nusu tuliyokuwa tumenakili ilikuwa Windows ya diski hiyo tu, pamoja na mchezo wa karata.

Nilitaka kumtukana mtu, sikujua nani. Tonton akavuta kiti karibu.

“Andika,” akasema. “Vipimo iko kwa kichwa yangu. Shamba ya kwanza, kando ya mto. Urefu wa mimea…”

Nikafungua ukurasa mtupu. Akaangalia viganja vyake, akitafuta namba.

“Ngoja.”

Nikangoja, vidole juu ya vitufe. Mama Kavugho akauliza kutoka ng'ambo ya ukuta kama tumemaliza, mafuta yanaisha. Tonton alikuwa bado anaangalia viganja. Nikamjibu Mama Kavugho aiache jenereta iwake kidogo tu.