Wapwa wa Papa Inosenti

Kwamboka alikuwa na hadithi moja, na kila aliyewahi kufanya kazi chini yake katika nyumba ile ya kutunza wazee huko ughaibuni, mtaa wa Edgbaston, alikuwa ameisikia hadi akaichoka. Ilimhusu Papa Inosenti wa Kumi na Mbili, aliyetawazwa Roma zaidi ya miaka mia tatu iliyopita, zama ambazo papa akiingia aliingia na ukoo wake mzima, wapwa wakigawiwa ukadinali na mashamba kama peremende. Inosenti akalipiga marufuku jambo hilo, na makadinali akawatilisha saini. Maskini ndio wapwa wangu, alisema, na maskini hao akawafungulia jumba la Laterano wakae.

Alikuwa na sababu ya kuipenda hadithi hiyo. Meneja aliyemtangulia alijaza binamu zake kila zamu, na wazee wakawa wanalala na nepi zilizolowa huku mabinamu wakipiga soga jikoni. Kwamboka alipokabidhiwa ofisi alitangaza mbele ya wote: hapa ndugu wa mkubwa hapewi kazi, na wangu ndiye wa kwanza kunyimwa. Watu walipiga makofi. Nisiseme uongo, makofi yale yalimnogea.

Kisha ikapatikana nafasi moja, yenye kibali cha kumwezesha mgeni kubaki nchini, na miongoni mwa walioomba akawemo Makori, mtoto wa dada yake. Alikuwa akitunza wazee katika nyumba nyingine, kule Hodge Hill, mpaka ikafungwa, na asipopata mwajiri mwingine kabla ya mwezi kwisha, ni kurudi Kisii. Kwamboka hakuingia kwenye usaili. Alimwachia msaidizi wake, Gurmeet, mama wa Kisikh aliyelelewa Nakuru.

Gurmeet alitoka akitabasamu. "Huyu kijana wako amewapita wote, na si kidogo."

"Nani wa pili?"

"Anisa. Lakini Anisa ni mzaliwa wa hapa, kazi atapata popote. Huyu akikosa hapa anapanda ndege."

"Mpe Anisa. Sheria ni sheria, hata Papa Inosenti..."

"Huyo Inosenti wako nilienda kumsoma," Gurmeet akamkata kauli. "Miaka yote unatuhubiria nusu ya story. Aliacha mlango mmoja. Ndugu mmoja wa papa aliruhusiwa kuwa kadinali, bora awe anafaa. Ulijua?"

Alijua. Alijua tangu siku aliyoisoma, ila kipande kile kilimharibia utamu, akakimeza. Sasa aliwaona akilini wanawake wenzake baada ya misa, vikombe vya chai mkononi, wakinong'onezana kwamba hata yeye ni walewale. Hakuwa akiitetea haki. Alikuwa akilitetea jina lake, na aliona aibu kulijua hilo waziwazi namna ile.

"Mpe Anisa," alisema.

Jioni Makori alikuja kwake, Perry Barr. Gurmeet alikuwa ameshamweleza kila kitu. Hakugomba. Alinawa, akakaa kwenye ugali, akala matonge mawili matatu.

"Anti, mimi siwezi kumwambia mama," alisema. "Mpigie wewe."

Kwamboka akapiga, simu akaiweka mezani sauti isikike. Bosibori alikuwa dada yake mkubwa, aliyeacha shule ili mdogo wake asome, na hakungoja hata salamu.

"Makori amepata?"

Kwamboka alimtazama kijana. Alikuwa na maneno ya kweli tayari mdomoni, machache tu, akayaogopa.

"Wazungu wamemkataa, dada," alisema. "Wanataka watu wao."

Makori aliacha kutafuna.

"Na wewe ulimpigania?"

"Nilimpigania."

Bosibori alivuta pumzi ndefu kule Kisii. "Basi usijitese, mdogo wangu," alisema. "Ingekuwa mikononi mwako, najua ungempa."