Mpini wa Koki

Jina la Mama Mapovu alibandikwa na wakata minofu, naye akaliitikia, kwani halikuwa uongo. Nyuma ya kiwanda cha samaki alikuwa na matangi mawili yaliyofoka mapovu mchana kutwa. Maji ya kuoshea samaki, na damu yake na mafuta yake, yaliteremka humo kwa mfereji. Vijidudu vilikula ule uchafu vikazaana, vikawa uji mzito wa kahawia. Mama Mapovu aliukamua, akaukausha, akawalisha samaki wa bwawani. Samaki waliula bila maswali. Maswali walikuwa nayo binadamu.

"Kwa hiyo, shemeji, kusoma kote kule ukaja kufuga uchafu," msimamizi wa kiwanda, mume wa mdogo wake, alipenda kumtania mbele za watu.

"Nafuga vinavyoula. Wewe kazi yako kuutoa tu."

Utani ulikuwa na mpaka, maana tajiri mwenye kiwanda alishatamka: vijidudu vikifa, matangi yang'olewe, maji yarudi kumwagwa mtoni kama zamani.

Sasa, kiwanda kile kilikuwa na wazimu wake. Wakaguzi wakitarajiwa, sakafu iliyokwisha kung'aa ilimwagiwa klorini, dawa ya kuua vijidudu, ndoo kwa ndoo, ili wageni wapokelewe na harufu ya usafi. Klorini inaishia wapi, hakuna aliyejisumbua kufikiri. Mama Mapovu aliwaonya mpaka koo likamkauka. Waliitikia vizuri sana, wakasahau vizuri vilevile.

Asubuhi ya ukaguzi alikuta tangi la kwanza limepauka. Pampu ilipuliza hewa, lakini povu halikushika. Alichota maji kwa kiganja, akanusa, machozi yakamtoka. Alivilea vijidudu vile tangu vikiwa tope la kujaa kikombe. Kisha alikasirika, na hasira ilimfaa zaidi. Alikimbilia koki ya mfereji kabla tangi la pili halijafikiwa, akaifunga kabisa, akachomoa mpini na kuutia mfukoni mwa koti.

Maji yakakosa pa kwenda. Yakarudi ndani.

Shemeji alitoka mbio, buti zikibubujika maji. "Fungua, shemeji. Wakaguzi wako getini."

"Wakaribishe."

"Unataka kuniaibisha?"

"Umeniulia tangi moja. Hili la pili hulipati."

"Nitakufukuza kazi. Undugu tutaongea nyumbani."

"Nifukuze. Mpini naondoka nao."

Waliporudi ndani, mkaguzi mkuu, mama mmoja mnene asiye na haraka, alikuwa amekwisha kuingia, na maji yenye magamba yalimfika vifundoni. "Haya yametoka wapi?" aliuliza.

Swali lilikuwa la shemeji. Mama Mapovu akamjibia.

"Humu humu ndani. Kila mkija hutoka na klorini. Leo ndiyo mara ya kwanza mmeyakanyaga."

Mkaguzi alimgeukia msimamizi, akangoja.

"Unataka nini?" shemeji alimuuliza Mama Mapovu kwa sauti ya chini.

"Klorini yenu iwe na mapipa yake. Na haya yote yachotwe yaingie humo."

Shemeji aliwatazama wakata minofu. Wote walikuwa wanatazama dari. Akakunja suruali, akashika ndoo, akainama.

Mama Mapovu alikwenda kwenye tangi la pili, akateka ndoo ya uji ulio hai kwa ajili ya kupandikiza upya lile la kwanza. Mpini aliuacha mfukoni.